"Pole" ya Mzee Mukhtar

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Mukhtar Obeid anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwatunza mbwa wa kampuni yetu ya ulinzi hapa Kisian. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi.

Alianza kazi wakati mbwa wakiogeshwa kwenye pipa la dawa ya kupe, na aliyelowa zaidi siku hiyo alikuwa yeye. Dawa ya matone ilipokuja, kazi ikatulia: kutenganisha manyoya katikati ya mabega hadi ngozi ionekane, kudondosha pale ambapo mbwa hawezi kujilamba, kisha kumzuia asiingie ziwani siku mbili tatu. Hiyo ya ziwa ndiyo iliyomzeesha, maana mbwa wetu wanapenda maji kama bata.

Wenzake wa msikitini walimtania kwamba mtu mzima anaishi na mbwa. Yeye alicheka tu. Alikuwa na nguo za banda na nguo za swala, na akilambwa alinawa mara saba, moja kwa udongo, ndipo aende Ijumaa.

Mimi nakaa chumba cha redio, dirisha langu linatazama banda, kwa hiyo neno lake nimelisikia miaka mingi. Kabla ya kudondosha dawa humwambia kila mbwa, "Pole, baba, ni baridi kidogo tu." Mbwa wakajifunza. Wakisikia "pole" wanalala chini na kuinamisha shingo. Mpishi wetu, Mama Maximilla, alipofiwa na mumewe, tulikusanyika uani kumpa pole, na banda zima likalala kifudifudi. Mama akacheka katikati ya machozi: "Hawa mbwa wananihurumia kushinda nyinyi."

Sasa niseme lililo moyoni. Nafasi yake haitajazwa. Tumeambiwa kila askari atamtia dawa mbwa wake mwenyewe. Tulijaribu hivyo Agosti, mzee alipokwenda likizo kwa binti yake Port Victoria. Calvince alidondosha juu ya manyoya, dawa ikatiririka, mbwa akailamba na kutoa povu kutwa nzima. Nabwire alisema "pole" vizuri, lakini kwa haraka zake akamchoma mbwa shingoni kwa ncha ya kichupa, na mkono wake ukang'atwa. Wengine waliahirisha tu, hadi kupe wakajaa masikioni mwa mbwa. Kamanda, mbwa wa lango kuu, akafa kwa homa ya kupe.

Mzee aliporudi alimzika mwenyewe. Tulisimama pale kaburini tukamwambia mzee pole, sisi tuliomwua Kamanda kwa uzembe wetu. Nyuma ya waya mbwa wote wakalala na kuinamisha shingo. Mzee alituacha tumesimama akaenda kuchukua dawa.

Naogopa wengine watamfuata Kamanda, na sioni wa kuwaokoa.

Mzee Mukhtar, asante kwa yote. Nenda Port Victoria ukapumzike, ulale usingizi mzuri, wajukuu wakuzunguke. Nawaomba wafanyakazi wenzangu jambo moja tu: Ijumaa tukimuaga pale uani, asiwepo wa kumwambia pole. Mbwa watalala chini, watainamisha shingo kungoja dawa, na yeye atakuwa ameshavaa nguo za swala.