Maisha ya Dada Yetu Bi Gundi, Mtafiti wa Kiraka cha Wazee

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kulia nasi, familia imenituma mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nimeipokea kazi hii kwa shingo upande, kwa sababu mwenyewe hakupenda kusemwa, akisifiwa aliinuka akatoka chumbani, na leo ndiyo mara ya kwanza hana pa kutokea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yetu, fundi viatu, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, mvua ikinyesha na mkunga akichelewa, kwa hiyo baba alimpokea mwanawe kwa mikono yenye gundi, na mama alisema mpaka uzeeni kwamba ndiyo maana mtoto huyu akishika jambo haliachii. Jina la Bi Gundi alibandikwa na majirani angali mdogo, akakua nalo, akasoma nalo, akazeeka nalo, hata wanafunzi wake chuoni walimwita hivyo wakidhani hasikii.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, na hapa nitasema kweli kwa sababu naye angetaka niseme kweli, hakuwa wa kwanza darasani, alikuwa wa saba, wa tisa, kuna muhula alikuwa wa ishirini, ila alikuwa na maswali yasiyokwisha, na walimu wengine walimpa ruhusa ya kwenda chooni kabla hajaiomba. Mwaka 1965 alijiunga na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako mwalimu wa kemia, mwanamke aliyeogopwa na shule nzima, alimkuta akiyeyusha chanuo lake la plastiki juu ya moto wa maabara ili aone litageuka nini, akampa adhabu ya kufagia maabara muhula mzima, na muhula ulipokwisha binti akakataa kurudisha ufagio. Aliingia chuo kikuu mwaka 1971, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1974, akafanya kazi katika kiwanda cha rangi kwa miaka mitatu, kisha akarudi kusoma, na mwaka 1983 akapata shahada ya uzamivu katika polima, yaani vile vitu ambavyo chembe zake zimeshikana mikono katika mnyororo mrefu, na yeye mwenyewe akituelezea sisi tusiojua alisema ni kama watoto waliopanga mstari wakashikana, nguvu ya mstari wote ni ule mkono ulio dhaifu kuliko yote.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu, mtu wa utani, ambaye aliwaambia wageni kwamba katika ndoa ile mke mkubwa ni maabara na yeye ndiye ameolewa wa pili. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye sasa ni mwalimu kama baba yake, na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1985, fundi umeme, wote mnawaona hapa mbele.

Tangu mwaka 1983 marehemu alifundisha katika idara ya kemia, na maabara yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye ujia, chenye dirisha lisilofungika vizuri, sinki lenye madoa ya kahawia na jokofu lililobandikwa karatasi ya kuwakataza watu kuweka chakula, na humo ndimo alimompokea, mwaka 1992, mgeni aliyebadilisha maisha yake, daktari wa upasuaji aliyekuwa akiwahudumia zaidi wazee. Daktari yule alimweleza shida yake bila kuzunguka, kwamba akiwakata wazee utumbo ili kuondoa ugonjwa, kazi ya kukata haimsumbui, kinachomshinda ni kuunga, kwa sababu nyama ya mzee ni nyepesi, na uzi unaikata kama unavyokata kipande cha sabuni iliyolowa, mshono unaachia, na mgonjwa aliyepona ugonjwa anakufa kwa mshono. Alitaka kitu cha kufunika pale palipoungwa, kishike mpaka nyama ijiunge yenyewe, kisha kiyeyuke kiondoke bila kudhuru. Dada yetu alimwambia aende, arudi baada ya mwezi, na mwezi huo ukawa miaka kumi na moja.

Kile kitu wao wawili walikiita kiraka, na ndilo jina tulilolisikia mezani, kwenye sherehe, kwenye misiba, kiraka kimepasuka, kiraka kimeshika, kiraka kimekuwa kigumu kama kigae, mpaka shemeji akasema angejua angeoa fundi cherehani. Daktari alikuja nyumbani kama ndugu, watoto walimwita mjomba, na mwaka 2003, baada ya vibali vyote kupatikana, kiraka kilianza kujaribiwa kwa wagonjwa waliozidi miaka sabini na waliokubali kwa hiari yao, na wale wa kwanza walitoka wodini kwa miguu yao.

Mwezi Mei 2004 alifanyiwa upasuaji dereva mstaafu wa treni, mzee wa miaka sabini na sita, ambaye usiku wa kuamkia upasuaji alimwita dada yetu kando ya kitanda, akataka aelezwe kile kiraka kimetengenezwa na nini, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema basi tumboni atakuwa na breki mpya. Wiki iliyofuata hali yake ilibadilika, tumbo likavimba, akafariki, na jopo la madaktari likaandika kwamba moyo wake ulishindwa, nalo halikusema uongo, moyo kweli ulishindwa. Lakini marehemu hakuridhika, aliomba apewe mabaki ya kiraka, akajifungia nayo maabara, na alichokiona ni kwamba katika mwili wa mzee wenye uambukizo, majimaji ya tumbo yanaula ule mnyororo upesi kuliko alivyopima, kiraka kikaachia kabla nyama haijashika. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelijua jambo hilo, na angenyamaza hakuna ambaye angelijua.

Aliandika kuomba majaribio yasimamishwe, na daktari, rafiki yake, akaja akasimama mlangoni mwa maabara bila kuingia.

"Dada, yule alikuwa mzee, moyo umechoka," alisema. "Ukisimamisha sasa hatutapewa nafasi ya pili, na wazee watakaokufa kwa uzi wa kawaida hutawaona wala hutawahesabu."

"Moyo ulichoka kwa sababu kiraka kiliachia," dada alimjibu. "Mimi ndiye niliyekitengeneza, nakijua kikiachia."

Majaribio yalisimamishwa. Akamwomba daktari jambo moja tu, waende wote wawili kwa mjane wa yule mzee wakamweleze, na daktari akakataa, akasema wanasheria wa hospitali wamekataza na kwamba kumweleza hakutamrudisha mtu, kwa hiyo mwezi Agosti mwaka huo dada yetu alikwenda peke yake, akamkuta mama wa watu akikunja nguo zilizoanuliwa, akaketi, akamweleza yote bila kujitetea. Yaliyosemwa huko alimsimulia mumewe jioni ile, na mumewe akatusimulia sisi baada ya miaka, kwamba mama yule aliendelea kukunja nguo mpaka zikaisha, ndipo akasema, "Mwanangu, nilikuwa nimeshalia nikamaliza. Waliniambia ni moyo, nikasema sawa, moyo wa mtu una siku yake. Sasa umeniletea mtu wa kumchukia, nami sina nguvu za kuchukia." Hakumfukuza, alimpa maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka getini, na adabu ile, alisema shemeji, ndiyo iliyomuumiza zaidi, afadhali angetukanwa.

Tangu hapo dada tuliyemjua hakurudi kamili. Alipika, alifundisha, alihudhuria shughuli zetu, lakini utani wa mumewe ulipita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba, na yeye na daktari, waliokuwa damu moja, waliishi mji mmoja kwa miaka mingi wakisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Chumba cha mwisho kwenye ujia kilipewa watu wengine, naye akahamishiwa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, akavipanga viti ukutani, akaweka meza, akaanza upya kutafuta mnyororo ambao majimaji yale hayataweza kuula. Mwezi Februari 2009 shemeji yetu alifariki ghafla kwa kiharusi, na wiki moja baada ya mazishi mjane alikuwa amesharudi stoo kwake, watu wakasema sana, wakasema hana moyo, na sisi ndugu zake, tuliokuwa tukimwona akiondoka asubuhi na macho yaliyovimba, hatukuwajibu.

Alistaafu mwaka 2016, lakini kustaafu kwake kulikuwa kwa jina tu, na mwaka 2017 kiraka cha pili kilianza kujaribiwa, safari hii mikononi mwa daktari wa kike, mwanafunzi wa yule daktari wa kwanza. Majaribio yalipokwisha mwaka 2020 kiraka kilikuwa kimeshika, na hospitali chache zimeanza kukitumia. Tulidhani atafurahi, tukamwandalia chakula, akala kidogo, akauliza kama kuna mgonjwa yeyote ambaye hakurudi kupimwa, akaambiwa wapo, akasema basi hao ndio wa kuwatafuta, akaaga akaenda kulala.

Katikati ya mwaka 2022 alianza kukonda, akaficha, akavaa nguo juu ya nguo, mpaka binti yake alipomshika mkono kumvusha barabara akahisi ameshika mfupa. Mwezi Oktoba alionekana kuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana, na tarehe 8 Novemba 2022 yule daktari wa kike alimpasua, akaunga, akaweka kiraka. Kilishika. Kidonda kilipona ndani na nje bila tatizo, lakini ugonjwa ulikuwa umeshahamia kwenye ini, na ini halikuwa na kiraka. Wenzake wa idara walipokuja kumwona wodini na nyuso za furaha, aliwasikiliza, kisha akawaambia, "Kimeshika kwangu, na mimi ni mtu mmoja. Msiandike kitu kwa mtu mmoja." Akageukia ukuta.

Alirudi nyumbani, na miezi ile ilikuwa mirefu kwake na kwetu, alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni, hakutaka redio, hakutaka wageni, maumivu yakija alifumba macho akayasubiri yapite. Mwezi Juni 2023 hodi ilibishwa, na binti alipofungua akamkuta yule daktari wa kwanza, mzee sasa, ameegemea mkongojo, tukadhani mgonjwa atakataa kumwona, akasema aingie. Mimi nilikuwepo, nilitaka kutoka wakanizuia wote wawili. Daktari alikaa, akalaza mkongojo sakafuni, akasema kwamba amekuja kusema neno alilopaswa kulisema tangu zamani, kwamba dada alikuwa na haki.

"Haki nilikuwa nayo siku ile ile, daktari," alisema. "Nilichokosa ni mtu wa kwenda naye kule nyumbani."

Mzee akainamisha kichwa. Dada akasema tena, kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza, "Na mpaka leo sijui. Sijui kama ule ukweli nilimpelekea yule mama kwa sababu ulikuwa wake, au nilikwenda kuutua kwake kwa sababu ulinielemea."

Daktari hakuondoka mpaka giza likaingia, na wiki iliyofuata akaja tena, na iliyofuata, wakikaa wawili, mara chache wakiulizana habari za watu waliokwisha kufa, na siku alipochelewa tulimwona dada akiangalia getini.

Dada yetu alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 21 Septemba 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, binti yake akiwa amemshika mkono na mwanawe akiwa njiani kuja. Tungependa kuwaambia kwamba aliondoka ameridhika, ndivyo watu husema mahali kama hapa, lakini hatukuona hivyo na hatutamsingizia. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na ndugu watatu.

Familia inamshukuru daktari aliyempasua na wauguzi wote wa wodi, waliomgeuza na kumwosha kama mama yao, inawashukuru majirani waliotupikia tuliposahau kwamba watu hula, inawashukuru wenzake wa idara na wanafunzi wake, na inamshukuru mzee daktari aliyeketi hapo mbele, ambaye kwa wiki zile zote hakuacha kuja. Tunawashukuru pia wazee waliokubali kiraka kiwekwe miilini mwao wakati hakuna aliyejua kitafanya nini, waliopona na ambao hawakupona, kwa kuwa dada hakuwahi kuwataja wa kwanza bila kuwataja wa pili.

Dada, ulibeba vya kwako na vya wengine, na sisi tuliokuwa karibu hatukujua namna ya kukupokea. Sasa umetua. Pumzika, na amani uliyoikosa hapa kwetu uikute huko ulikotangulia.