Mzee Yeslam na Hesabu ya Mikono Mia

Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 1963, Mzee Yeslam Barakat anatimiza miaka ishirini na tisa ya kazi katika zahanati yetu ya Likoni, na anastaafu. Daktari amenitaka mimi niandike wasifu wake. Nilipomuuliza kwa nini mimi, alicheka tu. Anajua fika kwamba katika zahanati hii hakuna aliyechoshwa na Mzee Yeslam kama mimi.

Tuanze na sifa, maana anazo. Aliingia mwaka 1934 akiwa mfagiaji. Akafundishwa kuchemsha sindano, kisha kuzinoa, kisha kuzitumia. Amewafunza wanafunzi kumi na wanne, na leo wametapakaa Kisauni, Changamwe na ng'ambo kisiwani. Hajavunja bomba la kioo hata moja. Hajachelewa kazini hata siku moja. Wala hajapata kumwambia mwanafunzi kwamba amefanya vizuri.

Sharti lake kila mmoja wetu analijua. Ili atie sahihi cheti chako, lazima utoe damu watu mia mfululizo, kila mmoja kwa kumdunga mara moja tu. Ukidunga mara ya pili, hesabu inarudi sifuri. Mgonjwa akishtuka, sifuri. Sindano ikiwa butu, sifuri, kwa kuwa aliyeinoa ni wewe. Yote huandikwa kwenye daftari, kwa wino.

Mwenzangu Kuluthum, niliyeanza naye Januari mwaka jana, alifika mia kwa miezi minane. Mimi huu ni mwezi wa ishirini na tatu. Mwanzoni sikuruhusiwa kumgusa mtu. Nilidunga mapapai mabichi hadi mama akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kisha nikawa nanoa sindano kwenye jiwe na kuzipitisha juu ya pamba kuona kama ncha inanasa. Zilinasa. Mzee Yeslam alinirudishia zote nizinoe upya.

Nilipoanza watu, nilifika arubaini na moja nikarudi sifuri. Nikafika sitini na nane, nikarudi. Mwezi wa Mei nilikuwa na tisini na sita alipokuja Bi. Mwanarehema, ajuza mwenye mishipa myembamba kama uzi. Nilimpata mara moja tu, damu ikaja vizuri. Nikageuka huku natabasamu. Mzee Yeslam alikuwa ameshaandika sifuri.

"Hukumwamkia, mwanangu," alisema.

Nikamwambia nimemwamkia, wote wamesikia.

"Umemwambia shikamoo huku unamfunga mpira mkononi. Marahaba yake hukuingoja."

Nasema wazi: nilikwenda chooni nikalia. Jioni nilimwambia mama kwamba naacha, nitatafuta ukarani bandarini.

Kuluthum ndiye aliyenieleza chanzo cha sharti lile, maana Mzee mwenyewe amekisimulia mara moja tu. Mwaka wake wa kwanza wa kushika sindano alimdunga mama mmoja wa mtaa wa Shika Adabu mara tano, kwa haraka, bila hata kumuuliza jina. Yule mama akatangaza kwamba zahanatini kuna mumiani anayenyonya watu damu. Mwaka mzima hakuna mtu wa mtaa ule aliyekanyaga hapa, na mtoto wa mama yule akafa nyumbani kwa homa ambayo dawa yake ilikuwa kabatini mwetu. Tangu hapo Mzee Yeslam hauamini mkono wa mtu yeyote, wake ukiwa wa kwanza.

Nilielewa. Nilirudi kazini. Lakini hasira haikupungua hata chembe, kwani mimi sikumdunga mtu mara tano.

Halafu ikaja hii tarehe. Cheti changu kinataka sahihi yake, na anayekuja kushika nafasi yake ametuarifu kwamba hataendeleza hesabu ya mtu. Nisipomaliza na Mzee Yeslam, narudi kwenye mapapai. Nchi itapata Uhuru baada ya siku kumi na mbili. Wangu sikujua ungekuja lini.

Jumatano ilikuwa siku yake ya mwisho ya kutoa damu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilipofika saa sita nilikuwa na tisini na tisa, na benchi halina mtu. Mzee Yeslam akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, akakunja mkono wa koti lake.

"Shikamoo, Maalim," nikasema, nikangoja. Marahaba yake aliileta polepole makusudi. Nikamuuliza hali, nyumbani, na goti lake. Nikafunga mpira, nikapapasa, nikadunga. Mshipa ukakimbia. Haikutoka damu hata tone.

Nikahamia mkono wa pili, na huko ikaja bila taabu.

"Maalim, wallahi mwandikie tu mia!" Kuluthum alisema kutoka mlangoni. "Nani ameona?"

"Mimi nimeona."

Akaandika sifuri. Kisha akautazama mkono wa pili, akafikiri, akaandika moja. "Huu umekwenda sawa," alisema. "Mosi."

Hapo nilipandwa na mori. Nilimwambia, "Maalim, Jumamosi unastaafu! Hao wengine atanihesabia nani?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua huchomoza wapi.

"Mimi. Jumatatu, saa moja na nusu. Wewe ulidhani nani?"

Kumbe alishamwendea Daktari tangu wiki iliyopita, akaomba aje bila mshahara, na sahihi yake ikubaliwe hadi mwisho wa Machi. Mkewe, Bi. Sheikha, ambaye kwa miaka ishirini na tisa hajanywa naye chai ya asubuhi siku ya kazi, amenitumia salamu na ombi kwamba nijitahidi.

Mzee Yeslam, umenichosha. Ahsante kwa watu wa Likoni ambao leo wananyoosha mkono bila hofu, na ahsante kwa kutoniandikia mia ambayo sikuistahili, ingawa Jumatano ningeweza kukutupia ndoo. Sisi sote tunakutakia afya, amani na maisha mema ya ustaafu, yaanze pale mimi nitakapomaliza. Zimebaki tisini na tisa.

Selpher Tsuma, mwanafunzi