Kabla Majibu ya Ukoma Hayajatoka

Wapendwa, salamu zenu nimezipokea, hata za wale waliochelewa kunisalimia. Nikisema kwa ukali kidogo mnivumilie. Jina la mtu sitataja. Mwenye lake anajijua.

Ilikuwa msimu wa kahawa, wakati wa baridi kali. Mnajua kuosha kahawa hapa Itaka kulivyo. Tangu alfajiri mikono imezama kwenye maji hadi juu ya viwiko, na ukitoka hapo mikono imekufa ganzi, hata kifungo cha gauni kinakushinda. Siku hiyo watu wa afya walikuja uwanja wa shule kupima ngozi. Rafiki yangu, niliyekuwa naosha naye kahawa, akanivuta: twende ukaoneshe hilo baka lako la mkononi. Nikaenda hivyo hivyo, maji yananichuruzika.

Kijana wa afya alikuwa na foleni ndefu. Akaniambia nifumbe macho, niseme kila akinigusa kwa pamba. Kwenye baka sikusikia kitu. Ndugu zangu, nawaambia, hata kwingine kwenye mkono ule nisingesikia, ila kwingine hakugusa. Akasema mbele ya watu, "Mama, huu ni ukoma. Nenda hospitali wathibitishe." Watu wakabeba neno ukoma, hospitali wakaiacha pale pale.

Simlaumu sana yule kijana. Kuutambua ugonjwa ule uwanjani si kazi rahisi, na hospitali alinielekeza. Wa kumlaumu ninaye. Kabla sijafika nyumbani, rafiki yangu alishapita kwenye vichanja vya kuanikia akawaambia kina mama nisiguse tena kahawa yao. Mtu niliyemkanda alipojifungua, nikamfulia na nguo za mtoto! Mume wangu naye akahamia kwa kaka yake Mlowo, eti biashara ya mahindi imembana. Na humu kanisani, siku ya Meza ya Bwana, kikombe kilinipita. Nilinyoosha mikono, kikaenda kwa jirani. Nilidhani hata nikikataliwa kote, hapa nitapokelewa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Hospitali nilikwenda peke yangu. Wakachukua chembe za ngozi, wakaniambia nisubiri. Kwenye benchi nikamkuta baba mmoja wa Ileje, vidole vimejikunja, amekuja kusafishwa kidonda. Yeye, waliompima kijijini kwao walimwambia ni fangasi tu. Akapaka dawa ya fangasi mpaka vidole vikapinda.

Akamimina uji kwenye kikombe chake, akanywa kidogo, akanipa. Nikamwambia, "Baba, mimi wamesema nina ukoma."

Akajibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa nao kweli, na dawa nimeshamaliza. Kunywa, uji unapoa."

Nilikunywa huku nalia. Pale pale nikaamua: majibu yaje yoyote, kama ni dawa nitameza, na nitaishi.

Daktari akanipima upya, mkono ukiwa mkavu na una joto. Akagusa kwenye baka na pembeni yake, mkono huu na huu, akapapasa na mishipa ya kwenye kiwiko. Safari hii nilisikia kila mguso. Majibu ya maabara yalipotoka, yangu ndiyo yalikuwa fangasi. Nikarudi, mkanipokea kwa vigelegele, na mume akarudi na kitenge. Nilikipokea, nisiwadanganye. Lakini usiku huwa najiuliza: daktari angesema ni ukoma kweli, vigelegele vile vingekuwa vya nani?

Namshukuru daktari. Namshukuru hata yule kijana, maana bila yeye nisingefika hospitali. Zaidi namshukuru baba wa Ileje, aliyenipa kikombe chake kabla majibu hayajatoka. Ninalowaachia ni hili: mkiona baka, mpelekeni mtu akapimwe vizuri, dawa zipo na ni bure. Akikutwa hana, ni ndugu yenu. Akikutwa nao, ni ndugu yenu.

Baba huyo leo nimekuja naye, na ameniruhusu niyaseme haya. Ndiye yule wa benchi la nyuma. Nilipoanza kusema, benchi lile lilikuwa limejaa. Sasa amebaki peke yake. Mimi nimemaliza. Naenda kukaa naye, na nafasi bado ipo.