Mlango wa Bibi Urudi Nyumbani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Meneja Mkuu wa kampuni ya rangi. Ndugu viongozi mliokalia viti vyenye mito. Mganga wetu wa zahanati. Mwalimu Mkuu, ambaye mpaka sasa haamini kwamba kipaza sauti nimeshika mimi. Wazee wetu, mama zetu, wageni waalikwa, na ninyi wenzangu mliosimama kule nyuma mkisubiri soda: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo nitamkopesha changu, maana ninavyo viwili.

Cha kwanza, mimi ni seremala. Cha pili, mimi ni mbebaji wa kona ya kichwani. Wageni hamjui maana yake, tulieni, nitawaeleza. Mwalimu Mkuu aliniandikia hotuba ya kurasa tatu, mwandiko safi kabisa. Nikamwambia, "Mwalimu, nilipoacha shule darasa la sita ulisema sitafika mbele. Leo nimefika mbele, niache niongee mwenyewe." Akanijibu, "Ukituaibisha nakuchapa hapo hapo jukwaani." Mwalimu, fimbo umekuja nayo? Hakuja nayo. Haya, tuendelee.

Ndugu wageni, zahanati yetu ina mganga mmoja na vitanda viwili. Linalomshinda mganga linavuka maji kwenda hospitali ya mjini, mwendo wa saa nzima. Na maji yetu yana tabia zake: yakijaa yanagusa ngazi za zahanati, yakipwa yanakimbia mbali na kutuachia tope la viwanja sita vya mpira. Boti haifiki kwetu, na mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri maji yarudi. Sasa tulikuwa tunafanyaje? Tulikuwa tunakwenda nyumba ya pili kutoka zahanati, kwa bibi yangu mzaa mama, tunamng'olea mlango.

Kwa nini mlango wa bibi? Kwa sababu ni mpana, ni mwepesi, na mwenyewe hajawahi kutuambia hapana. Miaka sita iliyopita nilitoa skrubu kwenye bawaba zake kwa mkono wangu, nikaweka vijiti viwili vya chuma vinavyochomoka kwa kidole. Ukihesabu mpaka kumi, mlango uko mabegani na mgonjwa yuko juu yake. Watu wanne, kona nne. Kona za miguuni anaweza kubeba hata Mwalimu Mkuu. Uzito uko kichwani, na kona ya kulia ya kichwani ni yangu tangu nilipoota ndevu, zote saba.

Kampuni hii hatukuanza kujuana nayo leo. Mwaka wa kwanza mlitupakia rangi zahanati. Mwaka wa pili mkaja mkapaka tena. Tulishukuru, jamani, ukuta uling'aa mpaka kuku wakawa wanajitazama. Lakini nani amewahi kupona kwa kutazama ukuta?

Mwaka wa tatu Mheshimiwa ukaamua uje mwenyewe. Barua ikasema mkutano ni saa nne asubuhi. Sisi hapa hatuweki mkutano kwa saa, tunauweka kwa maji: tukisema tukutane maji yakigusa ngazi, hakuna anayechelewa. Wewe ukatuletea saa nne, tena siku ya bamvua, maji yamekwenda kabisa. Boti ikakwama kule. Mheshimiwa ukashuka, suti, tai, viatu vya ngozi. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, mguu ukarudi peke yake. Kile kiatu tumekitafuta mpaka leo hatujakiona.

Bibi akapiga kelele kutoka barazani: "Ninyi! Chukueni mlango mkamlete huyo baba kabla hajazama na tai yake!"

Tukakubeba. Mnacheka, lakini alikuwa mzito! Akataka kukaa, nikamwambia, "Mzee, lala chali, ukikaa tutakumwaga." Akalala. Akauliza, "Hivi wagonjwa wote wanapita hivi?" Nikamjibu, "Wote, ila wao hawaulizi maswali mengi." Tulipofika barazani akamuuliza bibi, "Mama, mlango ukiwa kule topeni, wewe unalalaje?" Bibi akasema, "Naegemeza meza, mwanangu. Meza haina funguo lakini ina miguu."

Kisha akauliza kama yupo mgonjwa aliyewahi kuchelewa kufika hospitali. Siku ile tulikwenda kurudisha mlango kwenye bawaba zake. Leo namjibu.

Alikuwepo fundi cherehani wetu, aliyenishonea sare ya shule ile niliyoikimbia. Tulimbeba adhuhuri, jua kali, na tulifika mwisho wa tope bila hata kujikwaa. Boti ilikuwa imeshaitwa kwa simu kutoka mjini. Tukasimama na maji yakitufika magotini, mlango mabegani, tukiitazama boti ikija, kidogo kama punje. Fundi akasema, "Msinishushe, nitalowa." Hatukumshusha. Boti ilipofika ikawa na kazi ya kumbeba marehemu. Mlango uliwahi, ndugu zangu. Boti ndiyo iliyotoka mbali.

Na yupo dada yangu, aliyejifungulia juu ya mlango huo huo katikati ya tope, huku mganga anatufokea, "Msitikise! Msitikise!" Nani alitikisa? Mtoto ndiye yule mstari wa mbele anayetafuna ratiba yenu. Tunamwita Bawaba.

Mheshimiwa, ulirudi mjini na kiatu kimoja, na mwaka huu hukutuletea rangi. Ulileta mafundi wa boti, wakapima tope letu kwa fimbo, wakamuuliza bibi maji yanakimbilia wapi, wakaniuliza hata mimi. Ndiyo maana boti ile pale ina tumbo bapa, ina machela, ina mashine mbili, na hata rangi yake, lazima nikubali, hapo mnajua kazi yenu. Na sisi hatukukaa kuwapigia makofi tu. Hawa wenzangu mnaowaona wanasubiri soda walichimba mfereji kwa majembe, kila maji yakipwa, miezi minne, mpaka ngazi za zahanati. Nani tena anataka kuniambia kisiwa hiki kinajua kupokea tu? Ninyi mmeleta boti, sisi tumeileta bahari mlangoni. Najivunia ninyi, najivunia sisi, na mimi mwenyewe najivunia zaidi kidogo.

Lakini asubuhi hii nilisoma ratiba. Ndiyo, Mwalimu, nasoma. Ukurasa wa pili unasema boti itaegeshwa kwenye gati ya kampuni, mjini, kwa usalama wake, na itaitwa kwa simu. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, shukuru ukae chini. Mtu kakuletea zawadi, wewe unamletea maswali?" Bibi, nisamehe. Nashukuru kwanza, halafu nauliza.

Mheshimiwa, boti ikilala mjini, itatofautiana vipi na ile aliyoingoja fundi cherehani? Na usalama gani mnaoutafuta? Nyumba ya bibi ina mlango unaotoka kwa kidole kimoja, kisiwa kizima kinajua, mpaka watoto wanajua, na kwa miaka sita hakuna aliyeuiba. Banda la boti nimeshalijenga pale kwenye mfereji, mbao zangu, misumari yangu. Kufuli mlete ninyi. Ufunguo akae nao mganga.

Sasa naomba kitu kidogo. Hiyo meza yenye kitambaa cheupe mliyowekea chupa zenu, hebu inua kitambaa, Mheshimiwa. Tazama mbao. Unaukumbuka? Uliwahi kuulalia chali.

Anacheka. Ninyi wa nyuma msioona, nawatangazia: mgeni rasmi anatikisa kichwa, na anatikisa juu na chini, siyo kulia na kushoto! Lakini sema kwa mdomo, mzee wangu, bibi macho yake siku hizi hayafiki mbali.

Mmesikia? Amesema boti italala hapa. Katibu wake anakata ule mstari wa ukurasa wa pili kwa kalamu, namwona. Kata vizuri, kaka, mara mbili!

Basi kila mtu ashike chupa yake. Mfukoni nina bisibisi na skrubu sita, nimetembea nazo tangu asubuhi bila kujua kama nitazitumia. Wenzangu, njooni, kona zenu mnazijua. Mheshimiwa, vua viatu, usije ukapoteza na hivi. Kona ya kulia ya kichwani leo nakuachia wewe. Bibi, tangulia nyumbani, kaa ndani. Tukimaliza kukaza skrubu ya mwisho, funga mlango wako, utugombeze tukiwa nje.

Asanteni kwa masikio yenu, na soda sasa ruksa.