Mama Apiyo Alitaka Ugonjwa Wake Utajwe

Ndugu, majirani na marafiki, familia imesimama kumsindikiza Mama Perez Awuor Owino, mwandishi wa sayansi, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1962 hapa mtaani Mbotela, Nairobi, binti wa marehemu Mzee Ooko, fundi wa reli, na ambaye tangu utotoni aliuliza maswali mpaka babake akawa anamtuma dukani ili apumue kidogo.

Alimaliza sekondari mwaka 1980, akasomea kemia chuoni, na mwaka 1984 akaajiriwa katika maabara ya kiwanda cha rangi, eneo la viwanda la Industrial Area, ambako aliudhika kuona vibarua wanashika sumu kwa mikono mitupu na hakuna anayewaeleza, basi akaanza kuwaeleza mwenyewe, gazetini, kwa Kiswahili.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Sylvance Owino, karani wa baraza la jiji, wakajaliwa mapacha, Apiyo na Adongo, mwaka 1990.

Mwaka 1997 aliandika kwamba maji yakitiwa kwenye chupa na kuanikwa juani kutwa yanafaa kunywa, akasahau kusema ni chupa angavu inayopitisha mwanga, nasi ambao maji yetu hukaa kwenye mitungi ya manjano tukaipandisha mitungi juu ya mabati, tukanywa, watoto wakaharisha. Hakujificha. Alipita mlango kwa mlango akiomba radhi, hata kwa waliomfokea, na tangu hapo makala haikwenda gazetini kabla rafiki yake Qali, muuza chai wa Pumwani, hajasomewa yote na kuieleza kwa maneno yake mwenyewe, na Qali akikwama, inaandikwa upya. Hivyo ndivyo vilivyoandikwa vitabu vyake vinne.

Februari 2023 alipatikana na saratani ya shingo ya kizazi, imeshaenea. Tuseme ukweli, wazee wetu walitaka leo isomwe kwamba aliugua kwa muda mfupi, kama tulivyozoea tunapowazika mama zetu, lakini alikataa katakata, akasema ndivyo tulivyosoma tulipowazika shangazi zake wawili, waliokufa kwa ugonjwa huohuo, na hakuna mwanamke aliyetoka makaburini akijua akapimwe nini, na kwamba yeye mwenyewe, pamoja na sayansi yake yote, aliona haya kwenda kupimwa. Sehemu hii aliiandika kitandani, akamsomea Qali, naye Qali akamuuliza, je, wewe utapona?

"Mimi sitapona, Qali," alijibu. "Anayepimwa mapema ndiye anayeweza kupona, na hilo ndilo nataka lisomwe."

Alituacha tarehe 3 Agosti 2024, akiwa hospitalini, mapacha wake wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa gazetini, majirani wa Mbotela, na Qali, aliyekwenda kupimwa wiki moja baada ya kusomewa sehemu ile. Mkifika nyumbani, kila mmoja amweleze mwenzake aliyoyasikia hapa, kwa maneno yake mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Mama Apiyo. Tumeutaja.