Mwalimu Machuki Alikaza Wapi

Hapa Rangwe, nje ya karakana ya baiskeli, kuna benchi ambapo wanaume hukaa na kahawa mpaka makalio yao yanachukua sura ya mbao. Mimi, ambaye wote huniita Dani, yaani nyanya, huuza njugu hapo kando, na maneno yao kwa kawaida huyaacha yapite na vumbi. Leo niliwauliza mwenyewe. Jumapili, watu wa Motari, kijana wa Kisii anayemtaka mjukuu wangu Mourine, walikuja kujijulisha. Mjomba wao, Mwalimu Machuki, alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba msichana wetu ni invaluable, akaketi. Hakuna aliyefasiri. Leo wanarudi kuchukua jibu, na jibu ni langu.

— Kamusi, nilimwambia Barnabas, aliyejifunza Kiingereza kwa magazeti ya kufungia nyama, nikatie hilo neno.

— Haba na haba hujaza kibaba, Dani. Tunakata kipande kwa kipande. In. Va. Lua. Bol. Valuable ni kitu ya maana. Hiyo in ya mbele ni kukataa. Correct, incorrect. Complete, incomplete.

— Kwa hivyo?

— Ni kusema, na unisamehe, msichana hana maana.

Spana, fundi wa baiskeli, akaweka kikombe chini.

— Wewe hujui kukata. In-va-LUO-bol. Tumo ndani. Huyo Mkisii alitutusi Wajaluo wote, na mkampigia makofi.

— Nilipiga mimi, nikasema. Tena kwa nguvu.

— Alikaza wapi, Dani? Kamusi akauliza. Kiingereza si kama Kiswahili, inakazwa popote. Mahali mtu amekaza ndio nia yake iko.

— Alikaza kote. Alikuwa amejaza ugali mdomoni.

— Kwa sababu akikaza VA, hiyo ni ingine. Hiyo ni kitu bei yake haipimiki. Kama dhahabu ya migodi ya Masara kabla ya mizani.

— Haipimiki?

— Haipimiki kabisa. Ni sifa.

— Wacha kunizungusha. Kisichopimika hakilipiwi. Hao hawaleti ng'ombe.



— Mwenda bure si mkaa bure, Spana akasema. Wanataka kwenda naye bure.

— Nitawarudisha pale pale getini.

— Na kama ni sifa, Dani?

— Na kama ni tusi, Kamusi? Utamwoa wewe?

Mourine akatokea kwenye kona, amevaa nguo mpya, jogoo kwapani.

— Dani, wameshuka stendi. Huyu nimchinje wakae, ama nimwachilie waende?

Nilimtazama Kamusi. Kamusi alitazama ndani ya kikombe. Spana alishika gurudumu lisilo na shida, akalizungusha.

— Dani?

— Chinja, nikasema. Lakini filigisi, kipande cha mgeni wa heshima, usimpe mtu. Iweke kwa sahani mbele yangu. Huyo mwalimu atalisema hilo neno tena, polepole, kwa Dholuo, ndio nijue hiyo filigisi inaingia kinywa cha nani.