Mwalimu Kokushubila na Miaka Minne Tusiyomwelewa

Mwalimu Kokushubila Revelian alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kasiani.

Alisoma shule ya msingi hukohuko, akahitimu ualimu mwaka 1971, na Januari 1972 akapangiwa kazi Temeke. Alifundisha hesabu miaka thelathini na tisa. Siku moja alimfuata nyumbani mwanafunzi mtoro, akamkuta anafua nguo za wadogo zake. Hakugomba. Alikunja mikono ya gauni, wakafua wote, wakaanika, kisha wakaongozana shuleni.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na Bwana Revelian, karani wa bandari. Walijaliwa watoto watatu. Shangazi yetu Yustina, dada yake Baba, alikuja kusaidia kulea mtoto wa kwanza, akabaki. Yeye na Mama walipika jiko moja zaidi ya miaka arobaini, kuanzia Temeke hadi Mbweni, walikohamia mwaka 2009.

Mwaka 2018 Mama alianza kubadilika. Aliacha kwenda kwenye sala za jumuiya. Alishinda barazani akilia, na ukimuuliza sababu hana. Tukasema ni uzee. Kisha ikaja shaka: Baba ana mwanamke kwa jirani, Yustina anamtilia sumu kwenye chakula. Wakati huo alikuwa hasahau kitu, majina yote anayo. Kwa hiyo tulimwamini. Mama hakuwa mtu wa kusema uongo.

Aprili 2019 tulikaa kikao, tukamtaka Shangazi aondoke. Alimwambia Baba, "Kaka, wifi anaumwa. Mie nifukuzeni, sawa, ila yeye mpelekeni hospitali." Tulidhani anajitetea. Akaenda kuishi Kimbiji. Sisi tukazunguka na Mama kwenye maombi, na kila mlo Baba akawa anaonja kwanza ndipo naye ale.

Mwaka 2022 alianza kupotea njia ya nyumbani, ndipo tukamfikisha kwa daktari. Daktari akauliza, "Kabla ya kusahau, alikuwa na huzuni? Alikuwa anashuku watu?"

Baba akajibu, "Miaka minne, daktari."

Tulielezwa kwamba si kila huzuni ya mzee ni dalili ya maradhi haya, lakini kwa Mama huo ndio ulikuwa mwanzo wa dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaoondoka na akili na kumbukumbu. Kesho yake Gladness, anayesoma wasifu huu, alikwenda Kimbiji.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Anakula?"

"Anakula kwa shida."

Shangazi akaingia ndani kufunga mizigo.

Alimwogesha Mama na kumlisha karibu miaka mitatu. Mama hakumtambua tena. Siku nyingine alikipiga kijiko, chakula kikamwagika, siku nyingine alimwita "mama". Wote tulichoka, na yeye zaidi. Tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, Mama alifariki nyumbani kwa homa ya mapafu, kichwa chake kikiwa mikononi mwa wifi yake.

Mbele ya jeneza hili familia inasema: Yustina hakumtilia Mama kitu chochote, siku yoyote. Mliosikia kwetu yale maneno, sikieni na haya.

Ameacha mume, Bwana Revelian; watoto Gladness, Rogers na Hope; wajukuu saba; na wifi yake, Yustina.

Mama alichoka sana. Mungu ampumzishe kwa amani.